Bala, Mji wa Mbwa Wachungaji

Upande wa kaskazini wa nchi ya Wales pana mji mdogo uitwao Bala. Mji wenyewe ni barabara kuu moja iliyonyoka, yenye maduka na nyumba za mawe pande zote mbili, na karibu na mwisho wake pana ziwa ambalo wenyeji huliita Llyn Tegid. Ziwa hilo ni kubwa kuliko maziwa yote ya asili ya Wales, ingawa mtu aliyezoea kutazama maji ya Kisumu angetabasamu akilitazama, kwa maana urefu wake haufiki maili 4. Kandokando imesimama milima, Aran upande mmoja na Arenig upande mwingine, nayo mara nyingi huvikwa ukungu hata adhuhuri. Mvua haina msimu, hunyesha ipendapo. Lugha isikiwayo madukani ni Kiwelshi, hata mgeni atokaye London aweza kujiona yu ugenini kabisa katika kisiwa chake mwenyewe.

Nchi kama hiyo haiwafai sana watu wa jembe. Zao lake kubwa ni majani, na mwenye kuyala majani hayo ni kondoo. Kondoo wa milima ya Wales ni mdogo, mweupe, mwepesi wa miguu kama mbuzi, na baridi haimtishi. Zamani watu wa Bala, wanaume kwa wanawake, walifuma soksi za sufu na kuziuza mbali, hata jina la mji likajulikana kwa soksi. Wazee wao walikuwa na makao mawili: hendre, yaani nyumba ya bondeni ya wakati wa baridi, na hafod, yaani kibanda cha mlimani cha wakati wa jua. Wafugaji wengi wa Afrika ya Mashariki wataelewa jambo hilo bila kufafanuliwa. Siku hizi vibanda vya hafod vimebaki magofu, walakini kondoo wangali wakipanda mlimani kila mwaka. Huko juu kabisa hapana ua. Kondoo jike hulijua eneo lake la malisho, ambalo Wawelshi huliita cynefin, naye humfundisha mwanawe, na huyo wake, hata kundi lisipotee ijapokuwa hakuna mtu alilindaye.

Taabu ni kuwateremsha. Mchungaji wa kwetu hutembea na kundi lake kutwa, nalo humjua sauti na mwendo. Mchungaji wa Wales huwaacha kondoo wake peke yao kwa majuma mengi, na siku awatakapo kwa kukatwa sufu, au kutiwa dawa, au kutengwa na wana wao, wao humkimbia kama wanyama wa porini. Mtu mmoja hawezi kuwakusanya kondoo mia tatu waliotawanyika katika majabali na vichaka kwa miguu yake miwili. Angehitaji watu kumi, na ujira wa watu kumi ungekula faida yote ya sufu. Lakini mtu mmoja mwenye mbwa wawili wazuri aweza kuifanya kazi hiyo kabla ya chakula cha mchana. Ndiyo maana katika nchi ile mbwa si mlinzi wa mlango tu, bali ni mfanyakazi, na mwenye shamba humchagua kwa uangalifu ule ule atumiao kumchagua mtu wa kazi.

Mwezi wa Oktoba 1873, bwana mmoja mwenye ardhi kubwa karibu na Bala, Richard John Lloyd Price wa Rhiwlas, alifanya mashindano ya mbwa wachungaji mahali paitwapo Garth Goch. Mbwa walioshindana walikuwa 10, na watazamaji wapatao 300. Hayo ndiyo mashindano ya kwanza ya namna hiyo yaliyoandikwa katika Uingereza. Wawelshi walikuwa nyumbani kwao, tena mbele ya jamaa zao, lakini ushindi ulichukuliwa na Mskoti aliyehamia huko, jina lake Thomson, na mbwa wake Tweed. Yaonekana kuwa jambo hilo liliwauma wenyeji, maana tangu hapo mashindano yalienea upesi bonde kwa bonde. Mwaka 1906 Waskoti na Waingereza waliunda chama kiitwacho International Sheep Dog Society, na Wales ikaingia mwaka 1922. Miaka 100 ilipotimia, yaani mwaka 1973, mashindano makubwa ya mataifa yalirudishwa Bala, na safari hii aliyeshinda alikuwa Mwelshi, Glyn Jones, na mbwa wake Gel.

Mtu asiyepata kuyaona mashindano hayo yafaa aelezwe yalivyo, kwa kuwa hayafanani na mbio za farasi wala mchezo wa mpira. Uwanja ni malisho ya kawaida yenye mwinuko. Mchungaji husimama penye mti uliochomekwa ardhini, mbwa yu kando ya mguu wake. Mbali, yapata yadi 400, kondoo watano hutolewa na kuachwa wasimame. Mchungaji hutamka neno moja, na mbwa huondoka. Haendi moja kwa moja. Huzunguka kwa upana, akifuata njia yenye umbo la parachichi, nyembamba kwa mchungaji na pana kwa kondoo, hata afike nyuma yao bila kuwashtua. Akikata njia na kupita katikati ya mchungaji na kondoo, hupoteza alama nyingi kabla hajaanza kazi.

Kisha huja dakika ambayo watazamaji wageni hawaioni, lakini wazee wote huacha kuzungumza. Mbwa hupunguza mwendo, huinama, hulinganisha kichwa na mgongo, na kuwakazia kondoo macho kama paka aviziaye panya. Wachungaji husema mbwa huyo ana jicho. Kwa kweli huo ni uwindaji wa mbwa mwitu ulionyimwa mwisho wake: ameachiwa kuvizia, ameachiwa kuzingira, lakini kuuma kumetolewa katika damu yake kwa vizazi vingi vya kuchagua. Kondoo hugeuza vichwa. Wakiondoka kwa utulivu, wakitembea na wala si kukimbia, mbwa amewatawala, na ufalme wake hautaulizwa tena hata mwisho. Wakiruka na kutawanyika, mchungaji atashughulika robo saa nzima kuponya jeraha la dakika moja.

Baadaye mbwa huwaleta kwa mstari ulionyoka, akiwapitisha katika lango lisilo na ua, yaani vipande viwili tu vya uzio vilivyosimamishwa katikati ya uwanja. Huwazungusha nyuma ya mchungaji. Huwaswaga kwenda mbali tena, kupita lango la pili, kukata uwanja, na kupita lango la tatu. Kuswaga huku ndiko kugumu, kwa sababu silika ya mbwa ni kuwaleta kondoo kwa bwana wake, naye sasa anaamriwa kuwapeleka mbali naye. Halafu huwatenga wawili na kuwaacha watatu, ndani ya duara iliyotiwa alama. Mwisho ni zizi dogo lenye mlango uliofungiwa kamba ya futi 6, na mchungaji akiisha kuishika kamba hiyo hairuhusiwi kuiachia mpaka kondoo wa mwisho aingie na mlango ufungwe. Yote hayo hufanywa kwa muda wa dakika 15, kwa maneno machache na miluzi. Kila mbwa ana miluzi yake, ili ndugu wawili wakifanya kazi katika mlima mmoja, mmoja asitii amri ya mwenziwe.

Waamuzi nao hukaa wapi? Mara nyingi hukaa ndani ya motokaa iliyoegeshwa kando ya uwanja, kwa ajili ya mvua, na karatasi magotini. Kila mwamuzi ana alama 100 mkononi: 20 za kuzunguka, 10 za kuwaondosha kondoo, 20 za kuwaleta, 30 za kuwaswaga, 10 za kutenga, na 10 za zizi. Mbwa huanza akiwa nazo zote, na kazi ya mwamuzi ni kuzipunguza. Kondoo wakipinda kushoto hatua kumi, alama moja huondoka. Wakilikosa lango, huondoka nyingine. Mbwa akimwuma kondoo pasipo sababu, mwamuzi hupiga honi au huita kwa sauti, na safari ya mbwa huyo imekwisha siku ile.

Kanuni hizo huonekana rahisi zikiandikwa. Uwanjani zina miiba. Mbwa wa kwanza aweza kupata kondoo watano watulivu, na wa pili akapata jike mmoja mkaidi apigaye ardhi kwa kwato na kumgeukia mbwa kwa kichwa. Mwamuzi amekuja kumpima mbwa, si kondoo, lakini macho yake huona mstari uliopinda, na mstari umepinda. Je, ampunguzie alama sawasawa na yule wa kwanza? Mwamuzi mwema hutazama jinsi mbwa alivyosimama mbele ya yule jike: kama alirudi nyuma, au alisogea hatua moja, polepole, bila kuuma. Zaidi ya hayo, mwamuzi mwenyewe kwa kawaida ni mfugaji. Wanaoshindana ni jirani zake. Pengine babaye mbwa aliye mbele yake alizaliwa katika boma lake na kuuzwa naye. Basi huandika tarakimu na kunyamaza, wala haulizwi sababu. Watu hunung'unika wakinywa chai, lakini mwaka ujao humwalika tena, au hawamwaliki, na hiyo ndiyo hukumu ya mwamuzi.

Wote hao, au karibu wote, ni mbwa wa kabila la Border Collie, na damu yao yarudi kwa mbwa mmoja aliyezaliwa Northumberland, mpakani mwa Uingereza na Uskoti, mwaka 1893. Jina lake lilikuwa Hemp, na aliyemzalisha aliitwa Adam Telfer. Baba alikuwa mpole mwenye jicho hafifu. Mama alikuwa na jicho kali na woga mwingi. Hemp akapata kipimo kilicho katikati. Alifanya kazi kwa kimya, wakati mbwa wengine wa siku zile walikuwa wakibweka na kuwakimbiza kondoo, na wafugaji wakamletea majike yao hata alipokufa mwaka 1901. Hakuna aliyemchagua Hemp kwa rangi yake wala kwa urefu wa manyoya yake. Mpaka leo, katika viwanja vya Wales, mtu aweza kuona mbwa mwenye sikio moja lililosimama na jingine lililolala, mwingine wa manyoya marefu, mwingine wa manyoya mafupi kama ya ng'ombe. Rangi moja tu wazee wengi huikwepa, nayo ni nyeupe tupu, kwa kuwa wanaamini kondoo hamheshimu mbwa anayefanana naye.

Msafiri akitoka Bala kwa motokaa, akashika njia ya kusini-mashariki, kwa saa mbili na ushei atafika Birmingham, mji wa viwanda. Huko, tangu mwaka 1991, hufanyika maonyesho makubwa ya mbwa yaitwayo Crufts, kwa siku nne za mwezi wa Machi. Aliyeyaanzisha ni Charles Cruft, mwuzaji wa biskuti za mbwa, na maonyesho ya kwanza yenye jina lake yalifanyika London mwaka 1891. Hapo hapana mvua wala matope. Sakafu imetandikwa zulia la kijani, taa zawaka mchana, na mbwa wameoshwa na kuchanwa hata manyoya yao yang'aa kuliko nywele za bibi arusi.

Mbwa wachungaji wana fungu lao, na fungu hilo ni mchanganyiko wa ajabu. Yumo Corgi, mfupi wa Wales, ambaye kazi yake ya asili ilikuwa kuwauma ng'ombe visigino, na miguu mifupi ilimfaa kwa sababu teke la ng'ombe lilipita juu ya kichwa chake. Wengi humjua kama mbwa wa Malkia Elizabeth wa Pili. Wamo majitu meupe ya milimani ambayo hayaswagi kondoo hata kidogo, bali hulala kati yao usiku na kuwafukuza mbwa mwitu. Yumo Australian Shepherd, ambaye licha ya jina lake kabila lake lilijengwa Marekani. Mmoja wao aliwashinda mbwa wote wa maonyesho mwaka 2024. Na tangu mwaka 1976 yumo Border Collie.

Mwamuzi wa maonyesho hana kondoo. Ana macho, mikono, na maandishi yaelezayo umbo la mbwa wa kabila hilo. Huwatazama wote kwa mbali, kisha humwendea mmoja mmoja. Hufunua midomo aone kama meno ya juu yakutana na ya chini kama mkasi. Hupapasa fuvu, mabega, mbavu, kiuno, mapaja. Dume lazima awe na urefu wa sentimita 53 hivi, na kiwiliwili kirefu kidogo kuliko kimo. Kisha humwamuru mwenyewe amkimbize mbwa kwenda na kurudi, mwamuzi akitazama miguu kutoka nyuma, ubavuni na mbele. Maandishi yanasema mwendo uwe laini usiochosha, miguu isiinuliwe juu, kama wa mnyama aendaye kwa siri, na mkia usipandishwe mgongoni.

Wafugaji wengine huyacheka mambo hayo, lakini kicheko chao hakina haki yote. Walioandika maneno yale walikuwa na uwanja wa kondoo akilini. Mbwa mwenye mabega mabaya hatapanda Arenig kwa miaka kumi. Ataanza kuchechemea mwaka wa nne. Mbwa ainuaye miguu kama farasi wa gwaride huchoka mapema. Mwamuzi mwenye mikono mizuri aweza kuyajua hayo juu ya zulia. Asiloweza kulijua ni yale ambayo mkono hauyagusi: kama mbwa ana jicho, kama atasikia mluzi upepo ukivuma, kama atasimama mbele ya jike apigaye kwato. Na mtu akichagua wazazi kwa yale tu yaonekanayo, yale yasiyoonekana hupungua polepole, kizazi baada ya kizazi, bila mtu kukusudia.

Jambo hilo lilikwisha kutokea. Mwaka 1860, katika maonyesho ya Birmingham, mbwa wachungaji wa Uskoti walipewa daraja lao. Malkia Victoria aliwapenda mbwa hao alipokuwa Balmoral, na matajiri wakamfuata. Kichwa kirefu na chembamba kikawa fasheni, manyoya mengi yakawa fasheni, na baada ya miaka mingi akapatikana Rough Collie, mbwa mzuri kwa kweli, yule aliyeonyeshwa katika sinema ya Lassie mwaka 1943. Lakini mfugaji wa Bala akitaka mbwa wa kazi hamtafuti huko.

Ujerumani nako palikuwa na hofu hiyo hiyo. Kapteni Max von Stephanitz, aliyeanzisha chama cha mbwa wa kijerumani mwaka 1899, ambao polisi wa nchi nyingi huwatumia, aliwaonya wenzake tangu mwanzo wasiutenge uzuri na kazi. Mwaka 1916 alikuwa angali akisikilizwa. Mwaka 2016, huko Crufts, jike mmoja wa kabila hilo alitunukiwa ushindi wa kabila lake hali mgongo wake umeteremka kuelekea nyuma, na watu waliomwona katika televisheni akitembea kwa shida walipiga kelele nchi nzima. Wakuu wa maonyesho walilazimika kutoa maelezo hadharani.

Basi si ajabu kwamba Kennel Club ilipomkubali Border Collie mwaka 1976 wachungaji walinuna. Huko Marekani ugomvi ulikuwa mkali zaidi: mwaka 1995 kabila hilo liliingizwa katika daftari la maonyesho, ijapokuwa vyama vya wafugaji vilipinga, na chama kikubwa cha mbwa wa kazi baadaye kikaweka sheria ya kumfuta katika daftari lake mbwa yeyote apataye ubingwa wa uzuri. Uingereza walitafuta njia ya kati. Border Collie ashindaye mara tatu mbele ya waamuzi watatu mbalimbali huitwa Bingwa wa Maonyesho, na neno hilo la maonyesho haliondolewi mbele ya jina lake mpaka apelekwe uwanjani, apewe kondoo, na aonyeshe kuwa aweza kuwafanyia kazi. Chama cha wachungaji nacho kina mlango wake: mbwa asiye na wazazi walioandikwa aweza kuandikwa katika daftari kwa kazi yake peke yake, waamuzi wakimtazama na kuridhika.

Maili zipatazo 18 kutoka Bala, ukipita kandokando ya ziwa na kuteremka upande wa magharibi, upo mji wa Dolgellau, wenye mnada wa mifugo. Mapema mwaka 1921 mnada kama huo ungekuwa wa watu waliosimama matopeni. Mapema mwaka 2021, kwa sababu ya maradhi ya Korona, ulifanywa kwa intaneti. Wanunuzi hawakumgusa mbwa hata mmoja. Walitazama picha za sinema za kila mbwa akifanya kazi na kondoo, wakarudia mara nyingi walivyotaka, kisha wakataja bei. Jike mmoja aitwaye Kim, mwenye umri wa mwaka mmoja hivi, aliuzwa kwa zaidi ya pauni 27,000, na kwa wakati ule ilikuwa bei kubwa kuliko zote zilizopata kulipwa kwa mbwa mchungaji.